Picha nilizokataa kupiga

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu hapa Mikindani, Mtwara, huanza na swali moja: "Mama, nianze na kamera gani?" Wengine wanakuja na bei zote mdomoni, za kamera, za lenzi, mpaka za taa na miavuli yake. Katika miaka zaidi ya ishirini hajatokea hata mmoja aliyeniuliza ni picha gani asipige. Nami naamini kwa dhati kwamba nusu ya kazi yetu iko hapo. Jina nililonalo kuanzia Lindi mpaka Masasi limejengwa zaidi na picha nilizokataa kuliko nilizopiga.

Nilianza mwaka 2001, msaidizi wa mzee mmoja mwenye studio ya chumba kimoja. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Mikanda ya rangi tuliikusanya na kuituma Dar es Salaam kwa basi, na siku hizo Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa bado halijafunguliwa. Lilikuja kufunguliwa 2003. Mabasi yalivuka kwa kivuko, na masika yakikaza barabara ilikatika kabisa. Mkanda ulioondoka Machi uliweza kurudi Mei. Ukifungua bahasha ukakuta picha zimeungua, huna la kumwambia mtu. Harusi imeshapita, shela lilikuwa la kuazima na limesharudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo mzee alinifundisha kwanza kutobonyeza. Alinipa kamera isiyo na mkanda, akanituma sokoni asubuhi, jioni akaniweka kwenye kigoda: umebonyeza mara ngapi, na kila mara uliona nini? Nikibabaika, alisema, "Hiyo umeichoma, nakudai hela ya mkanda." Nilikuwa naona ananionea. Leo memori kadi moja inabeba picha elfu na ushei, na kijana akirudi kutoka harusini na elfu mbili anaona amefanya kazi kubwa. Mpaka akae usiku wa manane kuzichagua, ndipo anagundua ana picha mia tatu za MC akiwa amefumba macho na hana hata moja ya baba wa bibi harusi akijifuta machozi nyuma ya hema.

Sasa nieleze jambo linalonigusa zaidi.

Miaka kadhaa nyuma alinipigia simu mgeni mmoja aliyekuwa anatengeneza kitabu cha picha kuhusu mila za Kusini. Alikuwa ameshaulizia watu. Alijua mimi ni mwanamke, ni Mmwera, na kwamba nilichezwa unyago nikiwa binti. "Wewe utaingia bila kuzuiwa," akasema, na akataja hela. Ilikuwa inatosha lenzi niliyokuwa naiota miaka miwili, na chenji ya ada ya mtoto.

Kweli ningeingia. Hilo ndilo lililonisumbua. Mwanamume angekataliwa mlangoni, lakini mimi mlango ni wangu. Nilikwenda kwa nyakanga, yaani mkuu wa unyago, mama mtu mzima aliyenifahamu tangu nikiwa mdogo. Nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikaeleza bila kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe karibu. Hicho ulichokibeba begani kiache kwa mwenye nyumba."

Hakuongeza neno, akaendelea na mchele wake.

Nilipokuwa njiani kurudi nilikumbuka siku zangu mwenyewe za ndani. Mwali huambiwa mapema kabisa kwamba cha ndani kinabaki ndani. Nilicheka mle, nililia mle, nilifanya makosa kwenye nyimbo nikachekwa, na yote yaliishia mle kwa sababu hapakuwa na jicho la mtu wa nje. Kama kungekuwa na kamera nisingelia. Na mwali wa leo anazo simu za kumwogopesha kila pembe. Picha yake moja ikitoka inamfuata mpaka shule, mpaka kazini, mpaka kwa mumewe. Nilimpigia yule mgeni nikamwambia hapana.

Najua kuna mjadala mkubwa kuhusu unyago, na mimi mwenyewe nina maneno makali: binti wa darasa la tatu hana la kufundishwa kuhusu mume, na nyakanga wengi nimewaambia hivyo uso kwa uso. Lakini mjadala huo haumhitaji mtoto mwenyewe aonyeshwe akiwa katika hali ile.

Nilichofanya ni kungoja nje. Siku ya kutoka, mwali hutolewa mbele ya watu akiwa amepakwa mafuta, nguo mpya, kanga mpya, macho chini, na shangazi zake wanamtuza noti huku ngoma ikipigwa mpaka vumbi linafunika miguu. Hapo ndipo kamera ina haki yake. Nilipiga siku ile picha ambayo mpaka leo naiona ni kati ya bora zangu: mkono wa mama ukimrekebishia binti kilemba, vidole vikitetemeka, na uso wa binti hauonekani kabisa. Tangu hapo, kila likizo ya Juni na ya Desemba akina mama wananitafuta wenyewe. Habari zilizunguka kwamba yule mama wa picha aliambiwa aache kamera nje akaiacha. Ile lenzi niliinunua baadaye, kwa hela za akina mama hao.

Kuna kukataa kwingine kulikoniuma mfukoni bila kunirudishia chochote. Taasisi moja ilinichukua kupiga picha za mradi wa maji vijijini. Tulifika, tukamkuta binti wa miaka tisa hivi kisimani na ndoo yake. Alikuwa amevaa viatu vya shule vyeusi, vimepakwa rangi asubuhi ile, mtu unaona alama za brashi. Mama yake alisikia wageni wanakuja akamvalisha. Mwenzangu wa ile taasisi akanong'ona, "Mwambie avue viatu, picha itagusa zaidi." Nilimwuliza imguse nani. Nikampiga binti na viatu vyake, amesimama wima kama askari. Picha zile hazikutumika, na kazi nyingine hawakunipa.

Tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Nawahimiza vijana wangu waisome. Ila sheria haitakwambia habari za viatu. Hayo lazima uwe umeyaamua kabla hujafika kisimani.

Tuje kwenye jua, maana nako kuna kukataa kwake. Huku kwetu tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: Februari na tena Oktoba. Na Oktoba ndiyo minada ya korosho inaanza, hela zinaingia, na harusi zinafuatana kila Jumamosi. Yaani msimu wetu wa kazi unaangukia kwenye mwanga mbaya kuliko wote. Saa saba mchana uso wa mtu unakuwa na mashimo mawili meusi mahali pa macho, na kivuli cha pua kinamwangukia mdomoni. Bibi harusi wa kwetu, ngozi nyeusi nzuri, gauni jeupe, mchanga mweupe wa Msimbati chini yake: kamera inachanganyikiwa. Imetengenezwa kutafuta wastani, wala haijui ni uso upi ulioolewa. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili kuokoa gauni, na uso unazama gizani.

Hili lina historia, na kila kijana wa kazi hii aijue. Miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley. Rangi ikishakaa sawa kwake, imekaa sawa kwa wote. Ndiyo maana kwenye albamu za wazazi wetu kuna mjomba ambaye unaona meno na kola ya shati tu. Watu wetu walifikia kuamini kwamba wao "hawatoki vizuri". Nimewasikia akina mama wakiniomba radhi kwa weusi wao kabla hawajakaa kwenye kiti, na kila mara moyo unaniuma upya. Mimi napima mwanga shavuni mwa mtu. Gauni litajijua.

Na saa saba sipigi. Namwambia bwana harusi mapema, kwa heshima, mbele ya kamati: picha za ufukweni ni kuanzia saa kumi na nusu, na Oktoba jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache, halafu giza linaingia haraka, kwa hiyo MC asitucheleweshe. Wengine wamekwenda kwa mpiga picha mwingine. Sawa tu.

Kuhusu hela niseme waziwazi, kwa sababu nimewaona wenye vipaji kuliko mimi wakiishia kuuza kamera. Kusini tunaishi kwa korosho hata kama huna mkorosho hata mmoja. Fundi cherehani, mwenye bodaboda, mpishi wa harusi, mimi, sote tunangoja mnada. Ahadi ya hapa ni "korosho zikilipwa". Msimu wa 2018/19 wakulima waligomea bei za mnadani, minada ikakwama, mpaka Novemba Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Harusi nne zilizokuwa kwenye daftari langu zilisogezwa, mbili kati yake hazikufanyika tena mwaka ule. Mimi nilikuwa nimeshakopa kununua flashi. Nilikaa miezi mitano nikipiga paspoti na kutoa fotokopi.

Tangu hapo nusu ya malipo inakuja kabla sijabeba begi, na tunaandikiana, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi ya mjomba. Hela ya Oktoba mpaka Januari naigawa kwa miezi kumi na miwili kabla sijainunulia kitambaa. Kijana asiyeweza kumwambia ndugu yake "naomba advansi" atapiga picha nzuri mwaka mmoja au miwili, basi.

Nimalizie kwa bibi mmoja wa Tandahimba.

Kuna msimu wakulima walitakiwa kufungua akaunti ili hela za korosho zipitie benki, na benki inataka paspoti. Nilifunga shuka jeupe chini ya mwembe, nikaweka kigoda, na printa ndogo kwenye betri ya gari. Foleni ilikuwa ndefu. Katikati yake alikuwamo bibi wa Kimakonde, nembo, zile chale za urembo, zimemjaa mashavuni na kwenye paji la uso, na kanga ameishikilia mdomoni. Zamu yake ilipofika hakuiachia. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi toa kanga, benki hawamtaki mtu aliyejiziba!" Watu wakacheka. Nilimwambia, "Bibi, kaa pale kivulini, tutamalizia na wewe."

Tulibaki wawili saa kumi na moja. Sikushika kamera. Tuliongea habari za mvua, za wajukuu, za bei. Kisha akaniambia mwenyewe. Zamani, akiwa bado anavaa ndonya, lile pambo la mdomoni, alikuja mtu kwa gari, akasimama, akampiga picha kwa karibu, akaondoka bila hata salamu. "Alichukua mdomo," akasema, "akaniacha mimi."

Aliposhusha kanga niliona tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu, limelegea. Nilimpiga uso mzima, kidevu mpaka kilemba, kama benki inavyotaka, na mwanga wa jioni ulikuwa umelala vizuri kwenye nembo. Nilibonyeza mara mbili tu. Picha nne zilipotoka aliziinamia, akapitisha ukucha kwenye mistari ya shavu na kunitajia nani alimchanja upi. Mbili zilikuwa za benki. Moja akaifunga kwenye pindo la kanga. Ya nne akanipa: "Kaa nayo wewe. Ila usiitundike."

Wamekuja watu wakitafuta picha za wazee wenye nembo kwa ajili ya maonyesho na kalenda. Nawaambia ninayo moja na haitoki. Imo kwenye bahasha, droo ya pili, chini ya daftari la harusi.