Nilikwenda Kuomba Majani, Nikarudi na Msiba

Mtu anayetaka kuomba majani ya mkunazi kwa jirani kabla jua halijachomoza, hasa ikiwa nyumbani kwao kuna mgonjwa mzee, namshauri aanze kwa kutamka waziwazi kwamba hakuna aliyefariki. Mimi sikutamka, na ndiyo maana hadi leo nikipita katika barabara za Ngamiani pale Tanga, wapo akina mama wanaovuta mitandio midomoni ili wafiche kicheko.

Chanzo cha yote kilikuwa shampuu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiosha nywele kila wiki kwa shampuu ya chupa kubwa ya bei nafuu, ile inayotoa povu jingi mpaka mtu akahisi ametakaswa na dhambi zake pia, lakini kila nikimaliza, ngozi ya kichwa ilikuwa ikiniwasha, mba ikidondoka mabegani kama unga wa muhogo, na nywele zikikatikia kwenye chanuo. Nikaanza kusoma usiku baada ya usiku. Nilijifunza kwamba nywele zetu za kipilipili, kwa kuwa zimejikunja tangu shinani, haziyapi nafasi mafuta ya asili ya ngozi kuteremka mpaka nchani, na kwamba sabuni kali huyakomba hata hayo machache yaliyopo, kisha mtu hulazimika kununua mafuta ya kopo ili arudishe alichokikomba mwenyewe. Jambo hilo liliniuma, kwa kuwa mwenye kununua shampuu nilikuwa mimi, na mwenye kununua mafuta ya kopo nilikuwa mimi pia. Nikaapa kwamba mimi na shampuu basi.

Jaribio la kwanza sitalieleza kwa kirefu, kwa kulinda heshima yangu. Wanaosifu maisha yasiyo na shampuu waliagiza kuosha kwa magadi na kusuuza kwa siki, nami nikachukua magadi ya mabonge tunayoivishia maharage, nikayaponda, nikajipaka. Baadaye ndipo niliposoma kwamba katika kipimo cha uasidi kiitwacho pH, ambacho namba ikipanda uasidi hupungua, ngozi ya kichwa imezoea takriban 5.5, ilhali magadi ya aina ile hupita 9, na kwamba kila namba moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara 10. Nywele zilisimama kama ufagio wa chelewa. Bibi yangu, ambaye ninaishi naye, aliuliza kutoka chumbani kama kuna chupa ya achari iliyopasuka. Wataalamu wa mambo haya hukiita kipindi kile cha mateso “kipindi cha mpito”, jina ambalo mimi nilizoea kulisikia kwa serikali zilizopinduliwa tu.

Aliyenielekeza kwenye mkunazi ni Bibi mwenyewe. Alisema kwamba zamani, sabuni ilipokuwa adimu, wao walitwanga majani ya mkunazi wakaoshea nywele, na kwamba ndugu zake walioko Maskati mpaka leo hununua unga wa majani hayohayo madukani na kuuita sidri. Nilipofuatilia nikakuta ni kweli tupu, kwani majani yale yana kitu kiitwacho saponini, ambacho hutoa povu kikisuguliwa kwenye maji, tena povu la upole. Jambo ambalo Bibi hakulitaja, nami nilipaswa kulikumbuka kwa jinsi nilivyolelewa, ni kwamba katika mwambao wetu huu majani ya mkunazi yana kazi moja inayojulikana kuliko nyingine zote, nayo ni kuoshea maiti. Sikuwa mjinga wa jambo hilo. Nilikuwa tu na mawazo ya nywele.

Ni lazima pia niseme kwamba Bibi, mwenye umri wa miaka 83, alikuwa ametoka hospitalini wiki mbili kabla, alikolazwa kwa ajili ya presha, na mtaa mzima ulikuwa umepita kumjulia hali huku ukitikisa kichwa ukifika mlangoni.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilifumua nywele zangu, ambazo kwa bahati mbaya zilikuwa zimesukwa twende kilioni, nikamaliza saa nane za usiku macho yakiwa mekundu kama ya mvuvi. Saa kumi na mbili asubuhi nilijifunga khanga kuukuu kichwani, nikaenda kwa mzee jirani mwenye mkunazi uani kwake. Masikio yake yamechoka kidogo, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali alfajiri.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mapema hivi?”

“Nisamehe kwa usumbufu, babu. Nilikuwa naomba majani ya mkunazi, yapate kama beseni moja.”

Mzee alinyamaza. Aliitazama khanga yangu, akayatazama macho yangu, kisha akasema “Innalillahi” kwa sauti ya chini, nami nikadhani anamalizia nyiradi zake za asubuhi.

“Imekuwa saa ngapi?” aliuliza.

Nilidhani ameona macho yangu na anauliza kuhusu kufumua. “Mpaka saa nane za usiku, babu, ndipo ilipokwisha.”

“Kulikuwa na kuhangaika?”

“Sana, babu. Lakini mwisho wake ikawa salama.”

“Alhamdulillahi. Maji je?”

“Nimeyabandika jikoni.”

“Na mwenye kuosha ni nani?”

“Mimi mwenyewe.”

“Peke yako?”

“Kwa nini nimsumbue mtu, babu? Nimeangalia kwenye simu, wanaonyesha hatua zote.”

Mzee alifumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua alipanda kigoda mwenyewe, akakata matawi kwa mkono unaotetemeka, akakataa katakata nisimshikie hata kigoda. Kisha akaingia ndani na kutoka na kifurushi kidogo kilichokunjwa kwa gazeti. “Hii usiitie mwanzo,” alinionya. “Itie kwenye maji ya mwisho.” Nilishangaa kumwona mzee wa umri ule akijua habari za maji ya mwisho, ambayo katika utunzaji wa nywele ndiyo hufunga kazi yote. Nilipotaka kumpa shilingi mbili tatu alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto. “Katika jambo hili, mjukuu wangu? Nenda. Mambo ya nje niachie mimi, wewe shughulika na ya ndani.” Nilirudi nyumbani nikimwombea dua kwa ukarimu wake, bila kujiuliza nywele zangu zina mambo gani ya nje.

Kazi yenyewe niliifurahia, nami sina budi kuieleza. Nilichambua majani kwa uangalifu, kwa kuwa miiba ya mkunazi haina huruma, nikayatwanga kwenye kinu kidogo mpaka yakalainika, nikayamiminia maji ya uvuguvugu na kuyavuruga kwa mkono. Povu lilianza kupanda taratibu, jepesi, la kijani, likinukia kama nyasi zilizonyeshewa. Nikazigawa nywele mafungu manne, nikajipaka rojo lile fungu baada ya fungu mpaka kichwa kikawa kizito kama chungu kilichojaa. Ili rojo lisiniingie masikioni nilijiziba kwa pamba, na ili lisiharibu nguo nilijitanda shuka kuukuu jeupe kuanzia shingoni mpaka miguuni. Maelekezo yalisema nikae nusu saa. Katika kusubiri nikafungua kile kifurushi, nikakuta vipande vyeupe vinavyong’aa, vyenye harufu kali na ya ubaridi iliyopanda moja kwa moja mpaka kwenye utosi. Nilikuwa naijua harufu ile, lakini sikukumbuka ni ya wapi. Nikavisaga, nikavitia kwenye ndoo ya maji ya mwisho, na nyumba nzima ikajaa karafuu maiti.

Kwa sababu ya pamba sikusikia kipaza sauti cha msikiti. Bibi alisikia, ila kwa vile kipaza sauti kile hukohoa kuliko kinavyosema, aliambulia tu kwamba kuna msiba wa mwanamke mtu mzima hapahapa Ngamiani na kwamba maziko ni baada ya adhuhuri. Akaanza kuvaa. Akaniita kwa sauti kubwa kutoka chumbani kwake cha uani, “Fanya haraka, tumefiwa!”, nami nikajibu kwa sauti kubwa zaidi, kama afanyavyo mtu aliyezibwa masikio, “Sijamaliza kuosha!”

Wakati huo wanawake wa kwanza walikuwa wameshafika barazani. Walisikia jibu langu, wakavuta harufu iliyokuwa ikitoka dirishani, na hapo hapakuwa tena na shaka ya kubaki. Kilio kilipanda. Waliingia sebuleni, wakatandika mikeka, wakakaa wakiwa wameinamisha vichwa.

Mimi nilitoka bafuni kutafuta taulo.

Naomba msomaji anitazame kwa macho yao. Walikuwa wakimsubiri maiti wa kike aliyekuwa akioshwa ndani, na mlango wa uani ukafunguka, akatokea kiumbe aliyevikwa shuka jeupe, mwenye pamba masikioni, anayenuka mkunazi na karafuu maiti, huku maji ya kijani yakimtiririka usoni. Nikasema, “Karibuni.” Lilikuwa neno la adabu, lakini halikupokelewa hivyo. Mama mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida huomba mkono ili ainuke kitini, alifika barabarani kabla ya watoto. Mwingine alitoka na mkeka aliokuwa ameukalia. Waliobaki ni wale ambao miguu iliwagomea, na hao walikuwa wakisoma kila walichokumbuka.

Hao ndio waliomwona Bibi akitokea nyuma yangu, amevaa buibui lake la heshima na mkoba mkononi, akiwatazama kwa mshangao. “Mbona mmejikalia kwangu,” aliwauliza, “na kilio kiko wapi? Inukeni twende.”

Walioshindwa kukimbia mara ya kwanza walipata nguvu.

Huko nje mambo yalikuwa yameshakwenda mbali. Turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja, mabenchi yamepangwa, jeneza limeegemezwa ukutani, na sufuria la wali limeshatenga maji. Vijana waliotumwa makaburini walikuwa wamechimba mpaka usawa wa kiuno. Mzee jirani, aliyeyasimamia yote hayo kwa ufanisi wa ajabu, alimkodolea macho Bibi, kisha akanigeukia mimi.

“Umesema umeangalia kwenye simu,” alisema.

“Nywele, babu,” nilijibu. “Nilikuwa naosha nywele.”

Hakunijibu. Alikaa kwenye benchi la msiba na kuomba maji ya kunywa.

Msikiti ulitangaza upya, safari hii kwa sauti safi kabisa isiyokohoa hata mara moja, kwamba tangazo la awali limefutwa. Wali haukuweza kufutwa, ukaliwa. Bibi, baada ya kuelezwa mara tatu kwamba aliyefariki ni yeye, hakukasirika hata kidogo. Aliagiza aletewe daftari la ubani, akavaa miwani, akalisoma kwa sauti, jina baada ya jina, huku akiuliza ni nani aliyelia na alilia kwa kiasi gani. Alipofika kwa wifi yake alisita. “Elfu mbili,” alisema. “Miaka arobaini namkopesha sukari, naye ananizika kwa elfu mbili.” Wifi yake alijitetea kwamba alikuwa ametanguliza tu, na kwamba nyingine ingefuata siku ya hitima.

Katikati ya hayo yote hakuna aliyekikumbuka kichwa changu. Rojo la mkunazi likiachwa saa nyingi hukauka likawa kama udongo wa kukandikia ukuta, na ilipofika alasiri nilikuwa siwezi kugeuza shingo bila kusikia mlio. Aliyenionea huruma ni mwosha maiti, mama mpole aliyekuja na beseni lake na vifaa vyake na kukuta hana kazi. Alinilaza kwenye kibaraza cha uani, akaanza upande wa kulia kwa mazoea, akamimina maji kidogo kidogo na kulikanda kila fungu kwa ncha za vidole mpaka vipande vyote vikalegea na kuteremka. Nilikuwa nimesoma kwamba neno shampuu asili yake ni Kihindi na maana yake ni kukanda, na kwamba lilienea Uingereza kupitia Mhindi mmoja, Sake Dean Mahomed, aliyefungua mjini Brighton, mwanzoni mwa karne ya 19, bafu la kuwakanda watu. Nilimweleza mama yule habari hizo huku nikilalamika kwamba maji ni ya baridi. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi, mimi ndiye wa kwanza kulalamika.

Na nywele, wallahi, zilipokauka zilikuwa laini kama sufi. Nilizipaka mafuta ya nazi kidogo tu, chanuo likapita kutoka shinani mpaka nchani bila kung’oa kitu, na muwasho ukapungua wiki hiyohiyo. Ndiyo maana sijauacha mkunazi, ninautumia kila baada ya wiki mbili, ila karafuu maiti nimeiacha kwa wenyewe.

Majani bado naomba kwa mzee yuleyule. Ameweka sharti moja, kwamba hakati tawi lolote mpaka Bibi atoke uani kwetu, asimame kwenye ua, amwone kwa macho yake na amsikie akiitika salamu. Mara nyingi Bibi hutoka. Jumamosi iliyopita aligoma, akajifunika shuka gubigubi, akaniambia nimpelekee mzee habari kwamba safari hii ni kweli, tuone kama wifi ataongeza.