Siku ya bamvua au ya maji mafu?

Nilipokuwa nasoma shahada niliingia soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, na dodoso mkononi. Swali la 7 liliuliza: "Mapato yako kwa siku ni shilingi ngapi?" Mama mmoja mkaanga samaki alinitazama kwa huruma. "Siku gani, mwanangu? Ya bamvua au ya maji mafu?" Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana; maji mafu ni zile ambazo hujaa na kupwa kidogo tu. Kisanduku cha jibu hilo sikuwa nacho.

Ubishi wa dodoso na mahojiano ni wa miaka mingi vyuoni, na wapenzi wa dodoso wana hoja nzito. Benki haikopeshi kwa simulizi. Swali likiwa moja kwa wote, majibu yanalinganishika. Na watu wakiteuliwa kwa nasibu, wachache wanaweza kuwasemea wengi. Kimbilio la wanafunzi ni fomula ya Yamane, ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa: wachuuzi wakiwa 600, na kosa linalovumilika likiwa asilimia 5, sampuli inakuwa 240. Msimamizi anaridhika, sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu, inapita.

Lakini fomula inakwambia wangapi tu. Nani wa kumhoji inakuachia mwenyewe. Inachukulia kuwa kila mchuuzi ana nafasi sawa ya kuteuliwa. Sisi tulikuwa tunafika saa nne asubuhi, mnada umekwisha. Waliouza vizuri wameshaondoka na beseni tupu. Tuliowakuta ni wale ambao samaki wamewadodea. Hata tungewahoji 500, tungeandika biashara mbovu ile ile, kwa uhakika zaidi.

Mkosi huu uliwahi kulipata jarida la Literary Digest la Marekani mwaka 1936. Lilituma kadi za kura takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, vitu vya wenye nacho katika miaka ile ya dhiki. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48.

Kwetu kuna na la adabu. Mtu wa Tanga hapendi kumvunja mgeni moyo. Ukimsomea "Mikopo imeboresha biashara yangu" atasema nakubali kabisa, akukaribishe na chai. Kwenye jedwali heshima hiyo inageuka asilimia.

Basi tuketi tu barazani tuzungumze? Hakika mahojiano yangenionyesha bamvua na maji mafu siku ya kwanza, pamoja na usiku wa giza ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, na upepo wa kusi ukichafuka ngalawa zikabaki ufukweni. Ila kila soko lina msemaji wake. Mgeni akifika anaelekezwa kwake, naye anajua kusimulia. Siku ya tatu daftari limejaa soko la mzee mmoja. Ukiulizwa ni wangapi wenye shida kama yake, huna la kujibu.

Mimi naona kuketi kutangulie, kuhesabu kufuate, na siku nazo ziteuliwe kama watu wanavyoteuliwa. Wiki mbili za Julai hupima kusi zaidi kuliko biashara. Gharama yake naijua: mwanafunzi ana nauli ya kuhesabu na tarehe ya kukabidhi kazi, na kumwambia angojee msimu wa upepo wa kaskazi ni kumcheka. Mfanyabiashara ana nafuu. Anayetaka kuuza barafu pale hahitaji fomula wala maoni ya mtu. Akae mwezi mmoja mlangoni, akipiga mstari kwa kila ndoo inayotoka na barafu.

Mimi nilirudi sokoni na swali jipya: bamvua lililopita ulinunua ndoo ngapi za samaki kwa siku, na maji mafu ngapi? Mama yule alijibu bila kusita. Bamvua nne, maji mafu moja, na siku nyingine hakuja kabisa.

Siku za kutokuja hazikuwamo hata katika dodoso la pili.