Hata Arobaini ni Kosa?

Juzi nilimsikia mtu mzima, tena msomi, akisema bila wasiwasi wowote kwamba familia za waandamanaji waliouawa nchini Iran zinajitakia matatizo, na kwamba lau zingekaa kimya hakuna ambaye angezigusa. Tulikuwa matangani, mwenyeji wetu amefiwa na kaka yake, kwa hiyo niliumeza ulimi wangu. Namjibu hapa.

Kian Pirfalak alikuwa na miaka 9 alipouawa kwa risasi mjini Izeh, tarehe 16 Novemba 2022, akiwa ndani ya gari na wazazi wake. Mama yake aliulaza mwili wa mwanawe nyumbani na kuuwekea barafu, kwa kuhofia kwamba ungechukuliwa. Serikali ilidai kuwa wauaji ni magaidi. Mama akasimama siku ya mazishi, akasimulia kwa kinywa chake jinsi askari walivyolimiminia risasi gari lao. Tarehe 11 Juni 2023, siku ya kuzaliwa ya Kian, ndugu wa mama huyo aliuawa na askari akielekea makaburini kumkumbuka mtoto. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2025 alinyongwa mtu aliyehukumiwa kwa kifo cha Kian, ingawa familia ilikuwa imekana kwamba ndiye aliyeua. Naomba nielezwe ni matatizo gani aliyojitakia mama aliyekesha na barafu.

Naye si peke yake. Baba mmoja, ambaye mwanawe alinyongwa na serikali Januari 2023 kwa kesi ya maandamano, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na baadaye akafungwa. Desemba iliyofuata, wazazi wa Mahsa Amini, binti aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili Septemba 2022 na kifo chake kikawasha maandamano hayo, walizuiwa kupanda ndege kwenda Ufaransa kuipokea Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya, aliyopewa marehemu binti yao.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mazishi nchini Iran hugeuka maandamano, na kwamba wako walio mbali wanaoyashangilia kwa faida zao. Lakini nani anayelijua hilo kuliko watawala wenyewe? Januari 1978 askari wa Shah, mfalme wa Iran wakati huo, waliua waandamanaji mjini Qom. Siku ya arobaini yao watu wakajitokeza Tabriz, wakauawa wengine. Arobaini ya hao wa Tabriz ikaamsha Yazd na miji mingine mwishoni mwa Machi, na kufikia Februari 1979 ufalme ulikuwa umekwisha. Waliopanda ngazi ya arobaini hadi wakafika juu ndio leo wanaoiona arobaini kuwa tishio kwa usalama wa taifa. Wachamungu hawa wanaijua vyema thamani ya kumwombea maiti, ila tu asiwe maiti waliyemuua wao.

Tarehe 26 Oktoba 2022, siku ya arobaini ya Mahsa, maelfu walikwenda kaburini kwake Saqqez, wengi kwa miguu. Ipo picha ya mwanamke aliyesimama juu ya gari, kichwa wazi, ameipa kamera mgongo, na mbele yake barabara imejaa watu hadi upeo wa macho. Hiyo ndiyo picha wanayoiogopa, na ndiyo maana mzazi mmoja mwenye kaburi la kuzuru huwatia hofu kuliko chama kizima cha siasa.

Yule msomi, alipomaliza kusema yake, aliinua mikono nasi tukaitikia dua, kisha akaenda kumshika mkono mfiwa. Hakuna aliyesimama mlangoni kuandika majina yetu.