Mheshimiwa Ameacha Ngapi?

Jumapili moja majuzi, mgombea wa kiti katika bunge la jimbo la Georgia alikuja kusali nasi katika kanisa ninaloshiriki, kwenye kitongoji kimoja cha Atlanta. Aliketi katikati ya wazee wenye fimbo na watoto wasiotulia, akaimba nyimbo ambazo hakuzijua vizuri, na kikapu cha sadaka kilipompitia akatia alichotia bila mtu yeyote kutangaza. Mchungaji alimtambulisha kwa sentensi moja, kama anavyowatambulisha wageni wote. Baada ya ibada, akina mama wawili wa kamati ya huduma za jamii walimbana kwa maswali kuhusu Medicaid, bima ya afya ya watu wasiojiweza ambayo jimbo hili limekataa kuipanua kikamilifu, na hawakumwachilia mpaka alipokubali kuandika alichoahidi. Mkenya mwenzangu niliyekuwa nimemwalika siku hiyo alivumilia hadi tulipofika kwenye gari, ndipo akaniuliza: "Sasa mheshimiwa ameacha ngapi?"

Swali hilo liliniudhi hadi jioni, hasa kwa kuwa lilikuwa la haki. Mtu aliyelelewa katika makanisa yetu hawezi kumwona mwanasiasa akitoka mlangoni bila kutaka kujua kiasi alichotoa, kama ni taslimu au ahadi, na kama mwenyekiti wa kamati ya ujenzi amekihesabu mbele ya watu. Jibu ni kwamba hakuacha chochote. Tena alipofika nje ya lango, kando ya barabara, aligawa vikaratasi vya kutuomba sisi waumini tumchangie yeye fedha za kampeni. Mwenzangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nimeshindwa kuliacha jambo hilo, na nimefikia kuamini kwamba tofauti kubwa kati ya siasa za kanisa la huku na siasa za kanisa la kwetu haiko katika mahubiri wala katika elimu ya wachungaji. Iko katika mwendo wa fedha: nani anampa nani, na mbele ya macho ya nani.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba aliyepanda ndege juzi amekwisha kusahau vumbi, kwamba anayelipwa kwa dola hana haki ya kuhesabu shilingi za wenzake, na kwamba Marekani, kwa vituko vyake vyote, haiwezi kumfundisha mtu uchaji wala uchaguzi. Hoja hiyo ya mwisho nakubaliana nayo kuliko mnavyodhani, na nitaifikia. Zile mbili za kwanza naziacha hapo hapo, kwa kuwa hazigusi suala la fedha.

Inafaa nieleze ni kanisa la namna gani ninalolizungumzia, maana Mkristo wa Kimarekani mnayemwona katika habari za uchaguzi huwa ni wa namna nyingine. Tangu vuguvugu la Moral Majority lilipoanzishwa mwaka 1979, sauti ya Kikristo inayosikika zaidi katika siasa za nchi hii imekuwa ya mrengo wa kihafidhina. Jimmy Carter, mwana wa Georgia hii hii aliyefundisha shule ya Jumapili huko Plains hadi uzeeni, aliwaona Wakristo wengi wa kiinjili waliomchagua mwaka 1976 wakimhama mwaka 1980 na kumfuata Ronald Reagan. Na katika chaguzi za karibuni, takriban wanane kati ya kila Wakristo weupe kumi wa kiinjili wamempigia kura Donald Trump. Sisi tuko ng'ambo ya pili, kwa wale wanaosoma Mathayo 25 na kuona kwamba mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa wamekwisha kuandikiwa ilani ya uchaguzi. Ng'ambo hii ina makanisa mengi ya Waamerika weusi, ina madhehebu ya zamani ambayo washirika wake wanazeeka na kupungua, ina Wakatoliki wengi, na ina seneta. Huyo ni Raphael Warnock, mchungaji mkuu wa Ebenezer, kanisa alilolihudumia Martin Luther King. Mwaka 2014 alikamatwa katika makao ya serikali ya jimbo, na mwaka 2017 akakamatwa tena mjini Washington, mara zote mbili akidai maskini wapate matibabu, kabla ya kushinda kiti cha seneti katika duru ya pili ya Januari 2021. Mimbari yake hakuiacha alipoapishwa.

Ukitaka kuiona nguvu ya makanisa haya, njoo Jumapili ya upigaji kura wa mapema. Watu hutoka ibadani wakiwa bado wamevaa nguo za kanisa, wakapanda mabasi na magari ya washirika, wakaenda moja kwa moja kituoni. Kazi yenyewe huwa imeanza miezi mingi nyuma, na ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi: kupitia orodha ya washirika ili kujua nani amejiandikisha, nani jina lake limeondolewa kwenye daftari, nani hana kitambulisho, nani hawezi kupanda ngazi. Utaratibu huo umewatia wanasiasa hofu ya kutosha hata ukatungiwa sheria. Mmojawapo wa miswada ya mwaka 2021 ulitaka kubana kura ya siku ya Jumapili, ukalegezwa baada ya makanisa kupiga kelele. Hata hivyo sheria iliyopitishwa mwezi Machi mwaka huo ilikataza kumpa mtu aliye kwenye foleni chakula au maji ndani ya futi 150 kutoka jengo la kura. Wazee wetu walipima kwa kamba. Meza yao ya maji hukaa nje kidogo ya mpaka huo, na sijapata kuona watu wakitii sheria kwa furaha ya ukorofi kama ile.

Sasa ile hoja ya mwisho. Utasema, na utasema kweli, kwamba huku pia wagombea hupanda mimbarini, kwamba katika makanisa ya Waamerika weusi ni desturi ya miaka mingi kumpa mwanasiasa nafasi ya kusema, na kwamba fedha za vyama zina njia zake za kupita. Nakubali. Ipo sheria ya mwaka 1954, iliyopendekezwa na Lyndon Johnson alipokuwa seneta, inayoyazuia makanisa yaliyosamehewa kodi yasiunge mkono mgombea, nayo imekuwa ikisimamiwa kwa ulegevu mkubwa. Mwezi Julai 2025 mamlaka ya kodi ilikwenda mbali zaidi, ikaiambia mahakama moja ya Texas kwamba mchungaji anayewaeleza waumini wake wakati wa ibada nani wa kupigiwa kura havunji sheria hiyo. Hapo ndipo nilipokosana na baadhi ya washirika wenzangu. Walifurahi. Walisema kwamba kwa kuwa wahafidhina wamekuwa wakifanya hivyo siku zote, sasa nasi tufanye waziwazi. Nikawaambia kwamba mimi natoka katika nchi ambayo makanisa yalijigawa kwa makabila na kwa wagombea katika uchaguzi wa mwaka 2007, na kwamba mwezi Februari 2008, damu ikiwa haijakauka, Baraza la Makanisa lililazimika kuomba radhi hadharani kwa kuegemea pande. Walinitazama kwa adabu. Mmarekani wa mrengo wa mageuzi ana moyo mkubwa sana wa kumsikiliza mtu wa Afrika akieleza mateso yake, lakini akielezwa kwamba mateso hayo yana somo linalomhusu yeye, masikio hupungua.

Na kwa habari ya ujasiri, sitaki kufundishwa na mtu. Tarehe 21 Januari 2025, Askofu Mariann Budde alimwomba Rais Trump, uso kwa uso katika kanisa kuu la Washington, awahurumie wahamiaji na watoto wanaoishi kwa hofu. Rais akadai aombwe radhi, naye askofu akakataa. Kanisani kwetu walilizungumza jambo hilo majuma kadhaa kama ajabu ya kizazi. Nilimheshimu askofu yule kwa dhati, ila nilikuwa nikiwakumbuka wa kwetu. Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini siku ya mwaka mpya wa 1990 na kusema kwamba tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki zingefuatwa na za Afrika, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa kujitafutia kizuizi, na mwaka 1997 alipigwa na askari ndani ya kanisa kuu la All Saints. Askofu David Gitari alivamiwa nyumbani kwake usiku mwaka 1989, akanusurika kwa kupanda juu ya paa. Askofu Alexander Muge aliambiwa na waziri, hadharani, kwamba akithubutu kwenda Busia huenda asirudi akiwa hai. Akaenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti 1990, akiwa njiani kurudi Eldoret, lori likamuua. Hawa ndio waliopinga mlolongo, kura ya kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, ulipoletwa, wakati mawaziri wetu walikuwa wakiuita demokrasia ya Kiafrika.

Tena hawakuwa watu wa mageuzi kwa kipimo cha huku. Katika mambo ya ndoa wengi wao wangewashtua wenzangu wa Atlanta, na katika mambo ya ardhi, mishahara na kura wangewashtua wahafidhina wa Texas. Ndiyo maana huchoka ninapoulizwa huku kama kanisa la Kenya ni la kihafidhina au la kimageuzi. Kanisa lililoipigania katiba mpya kwa miaka mingi ndilo lililoongoza kampeni ya kuikataa mwaka 2010, kwa sababu ya utoaji mimba na mahakama za Kadhi, na waumini wake wakaipitisha kwa thuluthi mbili ya kura. Siku Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowafungia wanasiasa mimbari ya Kianglikana, mwezi Septemba 2021, alikuwa Butere akimsimika Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini mwetu. Mtu akiniuliza hilo ni tukio la mrengo gani, namwomba aniongezee chai.

Kinachonikera ni kwamba urithi wote huo tuliwaachia maaskofu. Tuliwapigia makofi walipomkemea Moi, na Jumapili iliyofuata tukampigia makofi mbunge aliyeleta bahasha. Mimbari zilipofungwa mwaka 2021, wanasiasa walisubiri nje hadi baraka zitolewe, wakasimama uwanjani penye hema na kipaza sauti, na sisi tukatoka ibadani tukawasikiliza. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo alirudisha zaidi ya shilingi milioni mbili ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kayole, kwa ajili ya nyumba ya padre na kwaya. Niliisoma habari hiyo nikiwa kazini na nikajisikia mrefu siku nzima. Haikupita miezi minne kabla ya Rais huyo huyo kutangaza shilingi milioni ishirini kwa kanisa jingine, la Roysambu, na waliokwenda kuandamana nje ya kanisa hilo Jumapili iliyofuata walikuwa vijana, wale wale ambao mwaka 2024 walitembea barabarani wakiuliza kwa nini viongozi wa dini wananyamaza. Wazee wa kanisa, katika madhehebu mengi, walikuwa wamekwisha kuketi kwenye viti vya mbele kumsubiri mgeni wa heshima.

Yupo msomaji ambaye kwa sasa anasaga meno. Anasema paa linavuja, watoto wa shule ya Jumapili wanakaa chini ya mti, mavuno yameharibika, na huyu wa majuu anatuletea habari za mwendo wa fedha. Anauliza: tukimkataa mheshimiwa, wewe utajenga? Ndugu yangu, ni swali zuri kuliko lile la "ameacha ngapi," na nalijibu: kwa sehemu, ndiyo. Sisi tulio nje tumekuwa tukijenga makanisa ya nyumbani kwa miaka mingi, kimyakimya, na hatukuomba kuketi mbele wala kupewa kipaza sauti. Hata hivyo nakiri kwamba fedha zetu pia zina hatari yake, maana kanisa linalosubiri dola kutoka Georgia halijitegemei zaidi ya lile linalosubiri bahasha kutoka Nairobi. Waumini wa huku, wale wazee wa kamba na meza ya maji, wengi wao wanaishi kwa malipo madogo ya uzeeni. Ila taarifa ya fedha za kanisa inabandikwa ukutani kila mwezi, na kila mmoja wao anajua kwamba taa inawaka kwa sababu yake. Mtu anayejua hivyo humwuliza mgombea maswali kwa sauti ya mwenye nyumba.

Kwetu kijijini sasa hivi kuna mchango wa paa. Katika kikundi chetu cha WhatsApp mweka hazina ameandika kwamba tusipofikisha lengo kufikia Krismasi, mheshimiwa diwani ameahidi kumalizia, na kwamba itakuwa aibu kumkatalia kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Nilijibu kwa heshima, kwa kuwa mweka hazina ni baba mdogo wangu na alinibeba mgongoni. Nikapendekeza kwamba mheshimiwa atoe kama muumini, kikapuni, bila hotuba. Kwamba majina na hesabu zisomwe za wote, wakiwemo wenye shilingi hamsini. Na kwamba kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 kamati iwaite wagombea wote wa wadi yetu, siku isiyo ya ibada, wajibu maswali kuhusu zahanati na barabara. Baba mdogo alinijibu kwamba mawazo ni mazuri, akauliza langu la paa litafika lini. Limefika. Kuhusu siku ya maswali bado hajasema kitu, na wiki hii nitampigia simu.