Lishe ya mpira hospitalini: kopo la kiwandani na uji wa nyumbani

Ndugu wa mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani akisoma viambato kwenye kopo la lishe ya hospitali, hukuta maltodekstrini (wanga uliokatwakatwa), mafuta ya mimea, protini ya maziwa au ya soya, kisha orodha ndefu ya vitamini na madini. Mboga hakuna, tunda hakuna. Lalamiko la wanaotaka uji wa nyumbani, kwamba huo ni wanga na mafuta vinavyouzwa kwa bei ya dawa, lina msingi wake, kwani aina nyingi hazina nyuzinyuzi, na mgonjwa wa kisukari akipewa aina ya kawaida sukari yake ya damu hupanda upesi.

Hata hivyo, mpira ni mwembamba, na kinachopita humo lazima kiwe chepesi bila kupungua nguvu. Lita moja ya lishe ya kawaida ya kiwandani ina takriban kilokalori 1,000 na protini gramu 40, na kopo la leo halitofautiani na la kesho.

Uji hauna uhakika huo, na hapa watetezi wa chakula cha nyumbani hupita haraka mno. Gramu 100 za unga zina kama kilokalori 350. Zikipikwa kwa lita moja ya maji ili uji usizibe mpira, mtu mzima wa kilo 60, anayehitaji kama kilokalori 1,500 kwa siku, atalazimika kupewa zaidi ya lita 4, yaani sirinji zaidi ya 80 za mililita 50. Akipewa lita moja na nusu, faili litaandikwa kwamba amelishwa, ilhali amepata theluthi moja tu ya mahitaji yake.

Maziwa na mafuta ya kupikia huongeza nguvu ya uji huo. Kimea nacho husaidia: unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa una vimeng'enya vinavyokata wanga, hivyo uji mzito hulegea bila kuongezwa maji. Watafiti wa Tanzania waliandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1980, wakiwalenga watoto wanaoanzishiwa chakula. Maltodekstrini inayolaumiwa hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo ya kukata wanga, ila kiwandani, na sijawahi kusikia mtu akikilaumu kimea.

Kwa upande wa usafi, lishe ya maji iliyofungwa kiwandani haina vijidudu hadi ifunguliwe. Ya unga haina dhamana hiyo, na ikishakorogwa haifai kuning'inia zaidi ya saa nne. Uji uliotiwa kwenye themosi alfajiri na kutolewa ukiwa vuguvugu saa nane mchana ni hatari zaidi.

Wapo pia wanaodhani kwamba lishe yenye nguvu nyingi zaidi ndiyo bora. Utafiti wa TARGET, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha lishe ya kilokalori 1.5 kwa mililita na ya kilokalori 1 kwa wagonjwa mahututi karibu 4,000 wa Australia na New Zealand, na vifo ndani ya siku 90 havikupungua. Maziwa ya F-75, yanayopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali siku za mwanzo, yana protini isiyofika gramu 1 katika mililita 100, tena kwa makusudi, kwa sababu mwili wake bado hauwezi kubeba zaidi.

Kwa mgonjwa mahututi aliye ICU, basi, naona kopo lina haki ya kutangulia. Hoja ya wakosoaji hupata nguvu kwa aliyepooza ambaye amewekewa mpira mpana wa tumboni na atalishwa nyumbani kwa miezi. Huyo anaweza kupewa chakula cha familia kilichosagwa na kuchujwa, mradi mtaalamu wa lishe aandike vipimo vya unga, maziwa na mafuta kwa gramu na mililita, na mgonjwa apimwe uzito mara kwa mara ili vipimo hivyo virekebishwe anapoanza kupungua.