Kocha sio mpiga debe, tumewachanganya hawa watu wawili

Ukishuka stendi Arusha saa mbili asubuhi, kabla hujatia mguu chini vizuri kuna mtu ameshashika begi lako anakuvuta, "Moshi Moshi Moshi, inaondoka hii!" Hajakuuliza unaenda wapi. Labda we unaenda Karatu. Labda hata hujaja kusafiri, umekuja kupokea mzigo wa shangazi. Yeye ana gari lake la kujaza, na anajua kupiga kelele.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila nikisema kitu kuhusu makocha wa maisha, hawa wanaokaa na mtu wanamsaidia kujua anataka abadilike awe nini, watu wananijibu kana kwamba namtetea mpiga debe. "Wale wa kwenye ukumbi wa hoteli? Wa 'sema na jirani yako, mimi ni bilionea'?" Hapana jamani. Yule ni motivesheni spika. Naye ana kazi yake, sitaki ugomvi nae, ila ni biashara nyingine kabisa.

Neno lenyewe linasaidia kidogo hapa. Neno coach la Kiingereza, tulilogeuza sisi likawa kocha, lilitokana na kijiji cha Kocs kule Hungaria, walikokuwa wanatengeneza magari ya farasi. Baadae, kwenye miaka ya 1830, wanafunzi wa Oxford wakaanza kumuita hivyo mwalimu wa pembeni anayekubeba mpaka uvuke mtihani, ndo likahamia michezoni. Ni gari. Na kwenye gari la kukodi abiria ndo anasema tunaenda wapi.

Sasa wanaopinga wana hoja, na sio hoja ndogo. Ya kwanza ni hela. Mtu hana mtaji, kodi ya fremu imefika, we unamkalisha saa nzima unamuuliza maono yake. Ya pili, kwani hatuna wazee? Tuna baba wadogo, tuna mashangazi, tuna mchungaji na shehe, tuna akina mama wa vikoba ambao wakikukalisha kikao unatoka umenyooka, na wote hao ni bure. Ya tatu ndo inayoniumiza mimi mwenyewe: huu ukocha hauna mlango. Yeyote mwenye simu na taa ya kujirekodia anaamka asubuhi anajiita kocha. Kuna shirikisho la kimataifa, ICF, lilianza 1995, cheti chao cha chini kabisa kinataka masomo saa 60 na uwe umekaa na wateja saa 100, kinachofuata saa 125 na 500, cha juu saa 200 na 2,500. Lakini ni hiari. Hakuna anayekukamata ukiwa huna. Kwa hiyo we mteja ndo uulize, na wengi tunaona aibu kuuliza.

Hiyo ya wazee mimi naipunguzia uzito kidogo. Mzee wako anakupenda, sawa, ila ana anachokitaka kwako. Mama anataka ujenge Kibosho. Baba mdogo anataka Desemba ukipandisha nyumbani upandishe na gari la maana, majirani waone. Ukimuuliza nifanye nini na maisha yangu, jibu analo tangu ulivyozaliwa! Mtu asiye na hisa kwenye jibu lako huko kwenye ukoo humpati.

Nina jamaa yangu wa Moshi, ameanza mlimani kama mgumu, kubeba mizigo ya wageni, akapanda mpaka akawa anaongoza watalii mwenyewe. 2020 ilipokuja korona wageni wakakatika, akakaa nyumbani miezi, akachanganyikiwa kidogo kama wengi wa huku walivyochanganyikiwa. Baadae akaenda kwenye moja ya hizo semina za hoteli, akalipa, akapiga makofi, akarudi na karatasi imeandikwa "kampuni yangu, Land Cruiser kumi", akaibandika ukutani juu ya kitanda. Kila asubuhi anaisoma. Miaka miwili karatasi iko pale pale na yeye yuko pale pale.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho mimi huwa sikiachi. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani, Gabriele Oettingen, na mwenzake walifuatilia wahitimu wa chuo Ujerumani waliokuwa wanatafuta kazi, utafiti ukatoka 2002. Waliuliza mara ngapi unaiwaza ile kazi ya ndoto, ile picha tamu. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wanaiota sana walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wameitwa kazini mara chache zaidi, na mishahara yao ilikuwa midogo. Soma tena hapo. Waliota zaidi wakapata pungufu! Alafu wale walioamini tu kwamba inawezekana, bila kuijaza utamu, walifanya vizuri, kwa hiyo shida sio matumaini. Shida ni utamu. Kwenye utafiti mwingine wa 2011 walipima mpaka presha, mtu akiota ndoto nzuri presha inashuka, mwili unatulia kama vile ameshafika. Sasa fikiria jamaa yangu anaamka kila siku anasoma Land Cruiser kumi, mwili unapumzika, anageukia upande wa pili. Ile karatasi ilikuwa dawa ya usingizi, nayo aliinunua.

Kocha anayeijua kazi yake anaipokea hiyo picha ila haishii hapo. Anauliza nini ndani yako kitakuzuia, na siku kikikuzuia utafanya nini, saa ngapi, wapi. Na kabla ya hapo anahakikisha picha ni ya kwako. Ofisi ya jamaa yangu iliwalipia waongozaji wao vikao sita na dada mmoja wa Njiro, kocha mwenye cheti. Kikao cha pili akamuuliza swali ambalo makocha wameliazima kwa Insoo Kim Berg na Steve de Shazer, washauri nasaha wa Milwaukee kule Marekani: kaka, tuseme leo usiku umelala na kila unachotaka kikatimia, ila hujui maana umelala, asubuhi nini cha kwanza kitakuonyesha? Jamaa akakaa kimya weee. Alafu akasema, nitasikia mtoto ananiita.

Gari hata moja halikutajwa. Alikuwa anataka kulala nyumbani. Mtu aliyefika Uhuru, mita 5,895, hata mwenyewe hajui mara ngapi, mtoto wake anamjua kwa simu. Kutoka hapo wakaenda polepole, huyo dada hakumwambia fungua hiki fungua kile, ila kikao cha nne jamaa akaja na wazo la kukodisha vifaa vya mlima, mabuti, makoti, slipingibegi, na yeye kupanda miezi ya msimu tu.

Mtaji je? Ulitoka kwenye kikoba cha mke wake, kocha hakutoa hata shilingi, na hapo wapinzani wanabaki na hoja yao nzima. Bila kile kikoba ingekuwa picha nzuri nyingine. Na bila ofisi kulipa asingemuona huyo dada kabisa, mke wake mpaka leo anasema hela ya vile vikao sita ilikuwa tofali, na mimi sijawahi kumjibu vizuri. Mgumu wa kawaida hawezi kulipa, basi.

Juzi nimempitia dukani nikamkuta na kijana mgumu amekuja kukodi koti. Jamaa kaegemea kaunta kama mzee wa kanisa, anamuuliza, dogo, ukishuka huu mlima unataka ufike wapi? Kijana akamwangalia. "Rombo, kaka. Nyumbani."