Kipindue kiti kwanza, lebo utaisoma baadae

Kuna kiti kipo sebuleni kwangu hapa Grand Rapids, Michigan, Marekani, wageni wakija wanakigombania, na mimi kila nikikitazama naona dola 900 zangu zimekaa pale zimekunja nne. Nilikinunua kwenye nyumba ya mzee aliyefariki, maana huku mtu akifa watoto wanafungua mlango wikiendi nzima watu wanapita wananunua kila kitu mpaka vijiko vya chai. Nikaambiwa hicho ni Eames orijino, kile kiti maarufu cha wabunifu wa Kimarekani Charles na Ray Eames, lebo ipo chini ya kiti, nikapiga tochi ya simu nikaiona lebo kweli, nikatoa hela. Mimi niliyeshika randa kwa mafundi samani wa Keko, Dar, miaka sita, nimepigwa na karatasi!

Nyumbani nikakilaza kifudifudi kwenye zulia, jamaa yangu Mkongo tuliyekibeba naye anamulika. Vichwa vinne vya bolti vimetokeza mgongoni, vimetoboa mbao kwa nje. Jamaa akauliza sasa ubaya uko wapi si kimekaza, nikakosa la kumjibu.

Ubaya ni huu. Kiti orijino Charles na Ray Eames walikitoa mwaka 1956, wakakipeleka Herman Miller, kampuni ya hapo Zeeland, kwangu mpaka pale ni nusu saa ya gari. Ni maganda matatu ya plaiwudi iliyokunjwa, la kichwa, la mgongo na la makalio, na ukilipapasa ganda la mgongo kwa nje halina bolti wala skrubu iliyotoboa mbao. Kinachoshika ni vipande vya mpira vilivyogundishwa kwa ndani, skrubu inaingia kwenye mpira badala ya kutoboa mbao, ndo maana ukiegemea mgongo unanepa kidogo kama unakupokea. Sasa hiyo kazi ya kugundisha mpira na ukashika miaka na miaka ni ngumu na ni ghali, anayekopi hana muda nayo, anatoboa anakaza bolti anaenda kula.

Ila usikimbilie kusema feki kila ukiona tundu. Mpira unazeeka, unakauka, gundi inaachia, na kuna watu viti vyao orijino kabisa viliachia mgongo wakachukua drili wakatoboa wenyewe, unaweza kulia. Kwa hiyo ukiona bolti angalia na ndani, kama kuna alama za mpira wa zamani basi hicho ni orijino kilichoumizwa, bei inashuka lakini bado ni chenyewe.

Cha kwangu ukiegemea kilikuwa kinalala nyuma, nikakiona bonasi. Jamani. Orijino kinazunguka tu, hakilali. Kimeinamishwa nyuma digrii 15 toka kiwandani na kitabaki hivyohivyo, ukikuta cha kulala na kuamka kama cha kinyozi jibu umeshalipata hata lebo usiisome. Miguu nayo, kiti kina mitano na stuli yake ya kupumzishia miguu ina minne, kopi nyingi za zamani zinaweka minne kote, japo wa siku hizi wameshashtuka wanaweka mitano kwa hiyo miguu peke yake isikulevye.

Ninachokipenda mimi ni mito, kwasababu muuzaji hategemei uiguse. Mto wa kukalia na mto wa stuli ni saizi moja, inabadilishana. Nimejaribu hivyo kwa mtu mwingine baadae, namwambia samahani mzee naomba niuhamishie mto wa stuli kwenye kiti, ananishangaa, nikauweka ukapwaya pembeni karibu vidole viwili. Nikashukuru nikaondoka na hela yangu mfukoni.

Halafu mbao. Vile vya zamani walivipigia vinia, yaani ganda jembamba la mbao la juu, ya roziwudi ya Brazil, na ule mti ni Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu, nilivyojua hilo nikajisikia nipo nyumbani. Mwaka 1992 biashara ya huo mti ikabanwa kimataifa kwasababu ulikuwa unaisha. Vya enzi ile ukihesabu matabaka ya plaiwudi kwenye ukingo unapata matano, vya baadae ni saba. Kwa hiyo mtu akikuapia kiti ni cha mwaka 1965 we piga magoti uhesabu, ukipata saba mwache aendelee kuapa peke yake.

Lebo mnaona sijaifikia mpaka sasa, na ni makusudi, kitu cha kubandika kinabandikwa popote. Na ukiwa Ulaya ukikuta imeandikwa Vitra usikikatae kiti, kule hao ndo wenye haki ya kukitengeneza.

Msimamo wangu mimi sina ugomvi na kopi. Kampuni ya Plycraft ya Massachusetts walikuwa wanatengeneza viti vya kufanana na hiki toka enzi hizohizo na vingine mpaka leo vinakalika vizuri tu, kopi ya mwaka 1968 nayo imeshakuwa mzee wa kuamkiwa. Kipya cha kiwandani kinavuka dola 5,000, nani ana hizo? Nunua kopi, kalia kopi, lakini uziwe kwa bei ya kopi na uambiwe ni kopi. Mtu anayebandika lebo chini ya kiti anajua kabisa anachofanya, huyo siwezi kumwita mfanyabiashara mjanja, huyo mwizi.

Majuzi kaja mtu kuangalia cha kwangu, kapiga tochi chini, kasoma lebo, macho yakamtoka, akasema nakupa 1,500 sasa hivi. Nikamwambia kaka, kilaze kwanza uone mgongo. Akakilaza, akavipapasa vile vichwa vinne kimoja kimoja, akasimama akasema basi 300. Nimekataa, nimekikalia hapa naandika.